Shajara ya mradi: kutafuta washauri kabla ya kuinunua karakana

Januari, wiki ya pili

Leo Mzee, mwenye karakana, ametamka mbele ya wote: anastaafu, na hataki karakana iende kwa mtu wa nje. Anataka tuinunue sisi tunaoifanyia kazi. Watoto wake wana shughuli zao na hakuna aliye tayari kurudi Arusha kusimamia kazi ya chuma. Wapo wenye kampuni za utalii waliokwisha kumfuata na ofa mkononi, na tunawajua kwa kuwa ni wateja wetu. Ametupa nafasi ya kwanza, pamoja na mwaka mmoja wa kujipanga.

Kwa asiyeifahamu kazi yetu: Land Cruiser inaingia getini ikiwa mpya kutoka bandarini. Tunakata chesi, yaani fremu ya chini ya gari, na kuirefusha, tunajenga bodi, tunafunga paa la kunyanyuka, viti, redio ya mawasiliano, friji ndogo na soketi za kuchajia kamera, kisha inatoka ikiwa tayari kwa Serengeti. Tuko zaidi ya 60, kuanzia wachomeleaji, mafundi bodi, watu wa rangi, wa viti na wa umeme, hadi stoo na ofisi. Mimi ni msimamizi wa uzalishaji. Kamati ya mpito imenipa ukatibu, ndiyo maana kumbukumbu hizi ninaziandika mimi, na kila mfanyakazi ana ruhusa ya kuzisoma.

Bei haijatajwa, na nimeomba isitajwe kwanza. Mzee ametulea wengi wetu tangu tukiwa vijana wa kushika tochi. Akishataja namba kwa mdomo wake, nani kati yetu atasimama kuipinga? Namba ya kwanza kusikika katika chumba kile itoke kwa mtu anayejua kuihesabu na asiyedaiwa fadhila na upande wowote.

Januari, mwisho wa mwezi

Kikao cha kwanza cha kamati kimekuwa kirefu. Fundi mkuu wa bodi aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: wakili wa kampuni tunaye, mkaguzi wa hesabu tunaye, kwa nini tutafute wengine na kuwalipa?

Nilieleza nilivyolielewa jambo hili. Wakili wa kampuni anapokea maelekezo kutoka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ni Mzee, ambaye sasa ni muuzaji. Mkaguzi mwenyewe tulimpigia simu, naye akajibu bila kuzunguka kwamba hawezi kuithamini kampuni ambayo yeye ndiye anayekagua hesabu zake, maana atakuwa anajikagua. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Nimekuwa nikisoma wenzetu wa mbali walivyofanya. Marekani, mwanasheria Louis Kelso alibuni mpango wa hisa za wafanyakazi mwaka 1956 kwa kampuni ya magazeti ya Palo Alto ambayo wenyewe walikuwa wanastaafu, kama Mzee wetu. Mwaka 1974 sheria ya mafao ya wafanyakazi ikaupa mpango huo msingi wa kisheria: mdhamini anashika hisa kwa niaba ya wafanyakazi, na haruhusiwi kulipa zaidi ya thamani halali. Uingereza nao wana mfuko wa udhamini wa wafanyakazi tangu 2014, na baada ya bajeti ya Oktoba 2024 wadhamini wake wanatakiwa kuchukua hatua za kuhakikisha bei haizidi thamani ya soko.

Misamaha ya kodi ya huko haituhusu, ni ya sheria zao. Kilichonishika ni kwamba katika nchi zote mbili yupo mtu ambaye sheria imemweka upande wa wafanyakazi. Hapa kwetu hakuna sheria itakayotuletea mtu huyo. Itabidi tumpate wenyewe, na tumfunge kwa mkataba.

Tumeandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za kazi nne: wakili, mshauri wa kodi, mthamini wa biashara, na mtu wa kutufundisha uendeshaji tukishakuwa wamiliki. Swali la kwanza kwa kila atakayekuja ni moja: mteja wako atakuwa nani, na ukigundua jambo linaloumiza upande mmoja, utamwambia nani kwanza?

Februari, wiki ya kwanza

Wakili wa Mzee alikuja mwenyewe kabla hatujamwita. Ni mtu mwema, ameandika mikataba yetu ya ajira na ameshatusaidia kwenye kesi ya mteja asiyelipa. Alipendekeza atumikie pande zote mbili ili kupunguza gharama, kwa kuwa "hapa hakuna ugomvi, ni familia moja." Tulimshukuru, tukamwomba abaki wakili wa Mzee. Ni kweli hakuna ugomvi. Lakini muuzaji anataka bei ipande na alipwe mapema, na mnunuzi anataka bei ishuke na alipe polepole, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Mtu mmoja hawezi kuyapigania yote mawili kwa moyo mmoja. Yeye mwenyewe alikubali baada ya muda, na nadhani alifarijika.

Ikafuata kampuni ya ushauri kutoka Dar es Salaam. Walikuja wawili na wasilisho zuri: picha, michoro, ramani ya hatua. Walisema wanaweza kufanya kila kitu, sheria, kodi, uthamini na kutafuta mkopo, chini ya paa moja. Tulipofika kwenye ada wakasema wao hulipwa asilimia ya bei ya mauzo, siku muamala unapofungwa.

Mwenzetu wa stoo, dada ambaye kwa kawaida husikiliza tu, aliuliza: "Kwa hiyo bei ikiwa kubwa nanyi mnapata zaidi? Na tukiona hainunuliki, tukaacha, hampati kitu?" Wakasema ndivyo soko linavyofanya. Inawezekana kabisa, na kwa muuzaji utaratibu huo una mantiki. Kwa mnunuzi, unamlipa mshauri wako kwa kukupandishia bei na unamnyima riziki akikwambia usinunue. Tangu siku hiyo tumeweka sharti: ada iwe kiasi kilichopangwa kwa kila hatua, na ilipwe hata kama mwisho wa yote ni kuachana.

Februari, katikati

Wakili wa pili ni dada mwenye ofisi karibu na Mnara wa Saa. Kabla ya kumwita tulihakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama wakili ana leseni hai. Kila mtu afanye hivyo, ni jambo la dakika chache.

Alifika akiwa ameshatafuta taarifa zetu BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa gharama yake. Aliweka karatasi mezani, akatuonyesha mstari mmoja. Marehemu mdogo wake Mzee, aliyesaidia kuanzisha karakana, bado yumo kwenye daftari la wanahisa. Si hisa nyingi, lakini zipo. Akasema, "Mzee hawezi kuwauzia asichomiliki. Kabla ya kuzungumzia kununua kampuni yote, anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi waulizwe." Chumba kilinyamaza. Wengi wetu tulimzika yule mzee mdogo, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba bado ni mwenye kampuni.

Kisha akafungua katiba ya kampuni na kutusomea kifungu kinachosema mwanahisa akitaka kuuza ni lazima awape kwanza wanahisa wenzake. Maana yake hata baada ya mirathi, warithi wana haki ya kununua kabla yetu, hadi waiachie kwa maandishi.

Tulimuuliza habari ya idadi. Wengi walikuwa wamesikia kwamba kampuni binafsi haipaswi kuzidi wanahisa 50, na sisi tuko zaidi. Alieleza kwamba Sheria ya Makampuni ya 2002 haiwahesabu humo wafanyakazi, wala waliopata hisa wakiwa wafanyakazi na kubaki nazo baada ya kuacha kazi. Bila kuulizwa akaongeza kwamba mjane au mtoto anayerithi hisa bila kuwahi kuajiriwa hapa anahesabika. Kwa hiyo katiba mpya lazima iseme hisa za marehemu zinaenda wapi. Aligusa pia Tume ya Ushindani: muamala unaobadilisha udhibiti wa biashara hupelekwa kwao ukivuka kiwango cha shilingi bilioni 3.5, na mauzo yetu ya mwaka mzuri hayako mbali na hapo, hivyo lipimwe mapema kwa namba halisi.

Swali letu la kwanza alilijibu kwa sentensi moja: "Mteja wangu ni kamati kwa niaba ya wafanyakazi, na Mzee nitamwandikia barua kumwambia hivyo ili asije akaniamini kwa bahati mbaya."

Tumempa alama za juu. Bado hatujamteua, tunataka kwanza mafundi wamsikie.

Machi, wiki ya kwanza

Kodi. Tulizungumza na watu watatu, wote wamesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA. Wawili wa mwanzo walitueleza kodi ambayo Mzee atalipa kwa faida ya kuuza hisa, na ushuru wa stempu. Ni sahihi, lakini ni mambo tuliyokuwa tumeshayasoma.

Wa tatu ni mama kutoka Moshi, mtu wa maneno machache. Swali lake la kwanza: mnanunua kwa mkupuo au kwa awamu? Tukasema Mzee anapenda kwa mkupuo. Akachukua kalamu, akatuandikia kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita, kampuni inahesabiwa kana kwamba imeuza mali zake zote kwa thamani ya soko. Hakuna mali iliyotoka getini, hakuna fedha iliyoingia, ila kampuni inaweza kudaiwa kodi ya asilimia 30 kwa faida hiyo ya kwenye karatasi. Na mwenye kampuni wakati huo ni sisi.

Akaendelea na kiwanja. Kiwanja cha karakana kiko kwa jina la Mzee mwenyewe, si la kampuni. Mmoja wa kamati alisema basi kihamishwe kwanza kiingie kwenye kampuni, ndipo tununue vyote pamoja. Mama akasema hapana, msikiguse kwa sasa. Mali ikiwa ndani ya kampuni siku umiliki unabadilika, nayo inaingia kwenye hesabu ile. Kuna njia ya kukipangisha kwa mkataba mrefu, kuna njia ya kukinunua peke yake baadaye, na kila njia ina kodi yake. Mpangilio wa hatua ndio utakaoamua tutalipa kiasi gani.

Nilimuuliza swali ambalo sasa tunamuuliza kila mmoja: ni lini ulimshauri mteja aache jambo ambalo alikuwa analitaka sana? Alitaja shughuli mbili, bila majina, na sababu zake zilikuwa za namba. Mmoja wa wale wawili wa mwanzo hakukumbuka hata moja.

Tumekubaliana kumchukua. Akiishi Moshi si tatizo, mabasi yapo kutwa.

Machi, katikati ya mwezi

Uthamini. Hapa ndipo tumekaa zaidi, na ninaandika kwa urefu kwa sababu naamini hapa ndipo wafanyakazi wanaweza kuumizwa bila mtu yeyote kukusudia.

Kwanza tulijifunza kutofautisha. Yupo mthamini wa ardhi, majengo na mitambo, anayesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya 2016, naye atatuambia mashine ya kukunja bati na kompresa zina thamani gani. Lakini biashara inayopata oda, inayolipa mishahara na kubaki na kitu ni jambo jingine, na anayeithamini huwa ni mtu wa fedha na hesabu. Tunawahitaji wote wawili, na wa kwanza atafanya kazi chini ya wa pili.

Walikuja wawili wa biashara. Wa kwanza alichukua faida ya miaka mitatu ya karibuni, akaivuta mstari kwenda juu, akatuonyesha namba kubwa inayopendeza. Aliegemea utalii: wageni walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Kwa nini mstari usiendelee kupanda?

Wa pili aliomba hesabu kuanzia 2019 bila kuruka mwaka. Tulipomuuliza kwa nini anataka hata 2020, mwaka ambao wageni walishuka hadi 620,867 na sisi tukabaki tunaziba kutu kwenye magari ya zamani, alisema: "Huo ndio mwaka ninaoutaka zaidi. Mtanunua kwa mkopo, au kwa kumlipa Mzee kwa awamu kutoka kwenye faida. Mwaka kama ule ukirudi, deni litakuwa halijaondoka. Nataka kujua karakana inavumilia nini."

Akatuuliza Mzee anajilipa mshahara kiasi gani. Ni mdogo, tunajua. Akauliza karakana inalipa pango gani. Hailipi. Akatuandikia ubaoni: toa kwenye faida mshahara wa meneja mtakayemwajiri kwa bei ya soko, toa pango la haki la kiwanja, halafu ndiyo tuone faida ya kweli. Namba ilipungua mbele ya macho yetu. Hakuna aliyekuwa ametudanganya. Mzee alikuwa anaibeba kampuni kwa mgongo wake miaka yote, na mgongo huo hauuzwi pamoja na hisa.

Hapo fundi mkuu wa bodi alisimama. Nanukuu alivyosema, kwa sababu ndilo swali la mradi huu wote: "Jina la karakana hii limejengwa na mikono yetu. Mteja anakuja hapa kwa sababu paa letu halivuji vumbi. Sasa tunaambiwa jina lina thamani na tulilipie. Tunauziwa mikono yetu wenyewe?"

Yule mthamini wa kwanza, tulipompa swali hilo wiki iliyopita, alisema nembo na sifa ni mali ya kampuni, basi. Huyu wa pili alikaa kimya kidogo. Akamwambia, "Kaka, unauliza jambo la haki. Mashine, mtaji na hatari aliyoibeba Mzee wakati benki hazikumtazama, hivyo ni vyake na lazima alipwe. Kuna sehemu ya bei ambayo mtu wa nje angelipa kwa matumaini kwamba nyinyi mtabaki. Nyinyi kujilipisha kwa kubaki kwenu, hilo mimi siamui, ni la kuzungumza na Mzee. Kazi yangu ni kuitoa sehemu hiyo na kuiandika peke yake kwenye ripoti, mkikaa mezani kila mtu aione ni shilingi ngapi." Akaongeza jambo la upande wa pili pia: oda nyingi zinakuja kwa sababu wenye kampuni za utalii wanamwamini Mzee binafsi, wengine wanampigia simu yeye hata leo. Akiondoka, sehemu ya thamani inaondoka naye, isipokuwa akubali kubaki kama mlezi kwa muda na kutukabidhi wateja mmoja mmoja.

Fundi alikaa chini. Hakusema kitu tena, ila kikao kilipoisha alimsindikiza yule mthamini hadi kwenye banda la bodi, akamwonyesha maungio ya chesi, mahali tunapoongeza kipande na kukiimarisha kwa bamba ndani na nje. Walikaa huko muda mrefu.

Machi, mwishoni

Safari ya Moshi, kwa ajili ya ile kazi ya nne. Kwa mambo ya kumiliki kwa pamoja, Kilimanjaro kuna uzoefu wa muda mrefu: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, na Chuo Kikuu cha Ushirika kilichopo pale kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Tulizungumza na mtaalamu mmoja wa ushirika anayefundisha wajumbe wa bodi.

Yeye anaamini tuwe chama cha ushirika moja kwa moja, chini ya sheria ya 2013, kila mwanachama kura moja hata kama ana hisa nyingi. Wakili wetu wa Mnara wa Saa anaelekea kwenye kampuni ya hisa yenye katiba iliyorekebishwa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sioni ubaya, mradi kila mmoja aeleze njia ya mwenzake kwa haki. Mtaalamu huyu aliweza. Alitueleza wazi kwamba chama cha ushirika kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwamba usimamizi huo ni ulinzi na pia ni mzigo, na kwamba karakana inayohitaji kuamua bei ya oda ndani ya saa moja inapaswa kulifikiria hilo.

Mimi binafsi naona tubaki kampuni na tuchukue kutoka ushirika ile kanuni ya kura moja kwa mtu katika mambo makubwa machache, kama kuuza karakana au kumwondoa mkurugenzi. Kamati haijaamua. Huyu tutamchukua kwa mafunzo tu, si kwa kuchagua muundo.

Aprili, wiki ya pili

Mvua imeshika na yadi imejaa. Huu ndio msimu wa magari kurudi kwa matengenezo, watalii wakiwa wachache. Tulipanga jaribio la mwisho saa ya chakula, kwenye banda la rangi: kila mshauri tuliyempendekeza awaeleze wafanyakazi wote hisa ni nini, bila karatasi, kisha aulizwe maswali.

Mchomeleaji mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu aliuliza, "Nikiondoka, hisa zangu nani atazinunua, na kwa fedha ipi?" Swali hili ndilo limewasumbua hata wale wa Marekani wenye uzoefu wa miaka. Kampuni ya wafanyakazi ikikomaa, wastaafu wanaanza kudai fedha zao kwa pamoja, na isiyojiandaa inakopa kuwalipa au inauzwa. Wakili alijibu kwamba katiba itasema kampuni au mfuko wa wafanyakazi ndio unaonunua, kwa bei ya uthamini wa mwaka huo, na kwa awamu. Mthamini akaongeza kwamba ni lazima kila mwaka kitengwe kiasi kabla ya kugawana gawio, na atakihesabu kwenye ripoti kama gharama ya kweli. Mama wa kodi alisema tu, "Na mkistaafu watano mwaka mmoja? Pigeni hesabu ya umri wenu kabla hamjasaini." Siku hiyo hiyo nimeomba ofisi orodha ya tarehe za kuzaliwa.

Kijana wa umeme aliuliza kama akifukuzwa kazi atapoteza hisa. Jibu lilikuwa refu na sitaliandika lote, ila tofauti ya anayeacha kwa heshima na anayefukuzwa kwa wizi itawekwa, na ubishi wa kufukuzwa utabaki kuwa wa sheria za kazi kama sasa. Mama wa jikoni akauliza kama naye ni mfanyakazi. Ndiyo. Wakapiga makofi.

Kura imepigwa kwa mikono. Wakili, mama wa kodi, mthamini wa pili na mtaalamu wa Moshi wamepita.

Aprili, mwisho wa mwezi

Ada. Mzee alitaka kulipa zote, kwa moyo mweupe kabisa. Tulikwenda nyumbani kwake watatu, baada ya shikamoo na chai nikamweleza kwamba tungependa wakili wetu asipokee hundi kutoka kwa muuzaji. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, mnaniogopa?" Nikamwambia, "Hapana Mzee. Tunataka siku ile tukisaini, mtu yeyote asije kusema tulikuonea au ulituonea." Mama, mke wa Mzee, alikuwa amekaa pembeni. Alisema, "Wako sawa." Basi likaisha.

Tumefikia hivi. Kampuni inaweka kiasi kilichokubaliwa kwenye akaunti mpya yenye watia saini watatu wa kamati, yote kabla ya kazi kuanza. Kila mfanyakazi anaongeza shilingi 20,000 kupitia SACCOS yetu. Fedha hizo hazirudi hata tukishindwana, na Mzee ametia saini kukubali hilo. Yeye atamlipa wakili wake na mhasibu wake mwenyewe. Mthamini ndiye pekee aliyeteuliwa na pande zote mbili kwa barua moja, na barua inasema rasimu ya ripoti itatumwa kwetu na kwa Mzee saa ile ile.

Mei, wiki ya kwanza

Barua za uteuzi zimesainiwa. Nakala ziko ubaoni, karibu na ratiba ya zamu. Katika kila barua wakili alisisitiza mambo yafuatayo yaandikwe kwa maneno ya kawaida: mteja ni nani, ada ya kila hatua, nani hasa atafanya kazi (si jina la ofisi tu, ni mtu), mshauri atangaze uhusiano wowote alionao na Mzee, na watu wa kampuni za utalii au benki yetu, na kamati inaweza kumwachisha kwa notisi ya siku 30.

Mthamini mwenyewe ametangaza kwamba aliwahi kufanya kazi ya hesabu kwa kampuni moja ya utalii ambayo ni mteja wetu. Tumejadili, tukaona si kizuizi kwa kuwa kazi hiyo imekwisha, ila imeandikwa kwenye kumbukumbu na Mzee amejulishwa.

Kazi za mwezi huu: wakili anaanza na mirathi ya mdogo wake Mzee, na familia imekubali kukutana naye. Mama wa kodi anatengeneza mipangilio miwili, wa mkupuo na wa awamu, kila mmoja na kodi yake hadi shilingi ya mwisho. Dada wa stoo anahesabu spea, bati na viti pamoja na msaidizi wa mthamini wa mitambo, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Fundi mkuu anaandika orodha ya wateja wanaompigia Mzee moja kwa moja, pamoja na jina la fundi atakayekwenda na Mzee kumsalimia kila mmoja wao. Mazungumzo ya bei hayataanza hadi rasimu ya uthamini iwe imesomwa na pande zote, na hilo nalo lina saini ya Mzee.